Sura ya Sita: Mkono wa Plasta

Magunia ya waru yalikuwa yamepangwa kando ya barabara tangu juzi, na hakuna lori lililosimama. Malori yalikuwa yakipita, hilo si neno. Yalipunguza mwendo mbele ya lango la kijani la mzee Bundi, dereva akachungulia, akaona ndilo lenyewe, akakanyaga mafuta. Kwa jirani wa kushoto yalisimama. Kwa jirani wa kulia yalisimama pia, na vijana wakaruka chini kupakia huku wakicheka. Inspekta Kiende alikaa ndani ya gari la idara akitazama upuuzi huo mpaka chai ikampoa mkononi, na kila lori lililopita lilimwongezea hasira.

"Hata mabroka wa viazi wanasikiliza podikasti siku hizi," Koplo Ndambiri alisema kutoka kwenye usukani.

"Na waru imemkosea nani? Hebu niambie, Ndambiri. Waru imemtisha mtoto wa nani?"

Ndambiri alivuta kola ya koti juu. Alikuwa mtu wa Embu, mpole, na baridi ya Kibirichia ilikuwa imemfunga mdomo tangu waliposhuka asubuhi.

Lango lile lilikuwa limejulikana nchi nzima bila kosa lake. Wiki iliyotangulia, Munene na mkewe Kawira, wenye podikasti ya *Kikombe cha Pili* mjini Embu, walirusha sauti ya msichana wao wa kazi akimtisha mtoto wao, Njeru, ambaye hajaanza hata kutembea. "Nyamaza, au nikunyamazishe mimi! Mama yako hayuko, nani atakusikia?" Na mtoto analia, kilio cha kumpasua mtu moyo. Simu yake, Kawira akasema kwa machozi, aliisahau kwenye rafu ikiwa inarekodi, akaenda sokoni. Kisha wakafanya jambo ambalo Kiende hakuwa amelisamehe mpaka asubuhi hiyo: wakataja jina. Karwirwa, binti ya Bundi, wa Kibirichia, lango la kijani baada ya josho la ng'ombe. Wakalirudia polepole, eti mama mwingine asije akamwajiri.

Kufikia jioni mawe yalikuwa yameshalia juu ya mabati ya Bundi. Karwirwa mwenyewe alikamatwa stendi ya Embu akiwa na mfuko wake wa nguo. Korti iliwapa polisi mpaka kesho wamalize uchunguzi, na kesho hiyo angesomewa mashtaka ya kumtesa mtoto. Kiende alijua vizuri maana yake. Hata msichana akija kushinda kesi baada ya miaka, ni nyumba gani itakayomfungulia mlango? Ni kijana gani atakayempeleka kwa mamake?

Bundi alitoka na gambuti zake miguuni, akasimama upande wa ndani wa lango bila kulifungua.

"Mmekuja kurusha mawe ama kuuliza maswali?"

"Maswali, baba," Kiende alimjibu kwa Kimeru. Yeye alikuwa mzaliwa wa Ruiri, hapo chini tu, na mzee aliposikia lafudhi hiyo akalegeza komeo.

"Uliza basi. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Hao wengine walikuja na majibu."

"Karwirwa ni mkali?"

"Ana mdomo. Akikasirika, hata mimi ananipigia kelele. Lakini mtoto mdogo?" Mzee alitikisa kichwa. "Yule Njeru ndiye aliyemrudisha huko. Karwirwa alikuwa hapa likizo, tunavuna, akaanguka na gunia mgongoni, mkono ukavunjika. Nikamwambia kaa hapa upone. Mama Njeru akapiga simu: rudi hivyo hivyo, mtoto amekataa kula. Akarudi na plasta mpaka kwenye vidole. Kwani wameshaitoa?"

"Bado iko, baba."

"Basi amefua nguo za watu na mkono mmoja." Bundi alisema hivyo kwa sauti ya chini, akageuka kuyatazama magunia yake.

Kiende alikuwa ameiona plasta hiyo seli. Ilikuwa chafu, imeanza kuchanika pembeni, imefunika kiganja chote cha kulia na kuacha ncha za vidole tu. Karwirwa aliiweka mapajani alipokuwa akihojiwa na hakukana kitu. "Sauti ni yangu, madam. Mama Njeru aliniambia tunaigiza. Kuna kipindi cha televisheni kinatafuta yaya mkali, nikifanya vizuri nitaonekana. Nilifanya vizuri." Askari waliokuwa pale kaunta walicheka kwa sauti. Yaya wa Kibirichia kuonekana kwenye televisheni! Kiende hakucheka, lakini hakumwamini pia, na hilo ndilo lililomleta huku juu kwenye baridi.

Walipokuwa wakiteremka kupitia Meru kuelekea Chuka, alichomeka waya wa simu kwenye redio ya gari.

"Tuisikilize tena."

"Tumeisikiliza mpaka naiota, madam."

"Isikilize ukiwa macho."

Hii haikuwa ile iliyorushwa kwa wasikilizaji. Ilikuwa nakala kamili kutoka kwenye simu, na Munene aliileta kituoni yeye mwenyewe, kifua mbele, akataka ipimwe na wataalamu wote wa serikali. Haijakatwa, haijaungwa, alisema. Ilipimwa, na kweli haikuwa imekatwa wala kuungwa. Ilianza kwa kimya, kimya kirefu. Halafu mlio mmoja mkavu: pa! Kimya tena, kifupi. Kisha Karwirwa akaanza kufoka, na punde mtoto akapasua kilio.

"Hiyo 'pa' ni kitu gani?" Kiende aliuliza.

"Mlango. Dirisha. Nyumba ina milio mingi." Ndambiri alikuwa na nadharia yake na alikuwa akiitafuna tangu Nkubu. "Mimi namwangalia Gichovi, yule fundi wao wa sauti. Tumemwita kituoni, hakuja. Tumemwita tena, eti anaumwa na jino. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote."

"Iige sauti ambayo mwenyewe anasema ni yake? Ya nini?"

Ndambiri alifikiri mpaka wakavuka mto. "Basi alama. Daktari alisema mtoto ana alama za kucha pajani. Mtu alimfinya. Hilo si kuigiza."

"Umeziona kucha za Karwirwa?"

"Amezitafuna zote. Woga wa seli."

"Huenda," Kiende alisema. Alama zile zilikuwa zimemkaa kooni tangu mwanzo. Kama kweli kulikuwa na mtu aliyemfinya mtoto mchanga ili alie, yeye alitaka kumtazama mtu huyo usoni.

Nyumba ya Munene na Kawira ilikuwa upande wa Kangaru, mjini Embu, ghorofa moja, maua yamekatwa vizuri. Sebuleni kulikuwa na picha kubwa kuliko dirisha: Munene na Kawira wamekumbatiana, chini yake maandishi *Ndoa Bila Pazia*. Ndicho kipindi cha televisheni kilichowapa umaarufu. Kamera ziliishi nao nyumbani msimu mzima, wakila, wakikosana, wakipatana, na nchi ikawapenda. Podikasti ilizaliwa hapo. Wadhamini nao wakafuata, wa nepi, wa maziwa, wa magodoro.

Chumba cha kurekodia kilikuwa nyuma ya jikoni, kuta zimepigwa sponji. Gichovi alikuwa kwenye kompyuta, mtu mzima mwenye upara, shavu halina uvimbe wowote wa jino. Alipowaona askari akainamisha uso.

"Inspekta! Karibu sana," Munene alisema kwa ile sauti yake nzito ya asali. "Tuvumilie kidogo tu tumalize sehemu ya kwanza. Wadhamini, unajua. Kaa hapo, chai inakuja."

Kiende angeweza kukataa. Alikaa. Alitaka kuwaona wakifanya kazi yao.

Kawira alivaa visikilizio, akanyoosha mgongo, akainua mkono wenye kucha ndefu nyekundu. "Haya. Tulieni."

Chumba kizima kikanyamaza, kimya kirefu. Gichovi alitazama skrini bila kupumua. Kisha Kawira akagonganisha viganja vyake mbele ya maiki, mara moja.

Pa!

Kimya tena, kifupi. Ndambiri alifungua mdomo, na Kiende akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Karibuni *Kikombe cha Pili*," Kawira akaanza huku uso wote ukimeremeta, "mahali ambapo familia inazungumza bila pazia. Munene mpenzi, watu wananiuliza, hivi kule kwenye televisheni mlikuwa mnaigiza ama?"

"Sisi?" Munene akacheka. "Kamera ilitukuta vile tulivyo. Mimi ni mtu siwezi kuigiza, hata wewe unajua. Lakini niwaambie vijana wanaotaka kuingia kwenye hii biashara: msikilizaji hataki amani. Mpe amani, atahama. Mpe ukweli wako, hata ukiuma."

"Na ukweli wetu mwezi huu umeuma," Kawira akasema, sauti ikaingia unyevu palepale. "Wazazi, mnamjua kweli yule mnayemwachia mtoto? Tutalizungumza hilo baada ya neno kutoka kwa wadhamini wetu wa nepi."

Loo! Kiende alikuwa amewahoji wezi wa mifugo waliomtemea mate, na hakuna aliyewahi kumchefua hivi. Alisimama.

"Inatosha. Munene, nenda sebuleni na koplo. Mama Njeru, baki na mimi. Fundi, wewe kaa hapo hapo ulipo."

Alipowahoji mmoja mmoja, walijibu sawasawa, neno kwa neno, kama waliokariri shairi la shule.

"Siku ile nyumbani alikuwepo nani?"

"Karwirwa na mtoto," alisema Kawira.

"Karwirwa na mtoto tu," alisema Munene baadaye.

"Fundi?"

"Hakuja siku hiyo."

"Mgeni? Jirani? Mtu wa maziwa?"

"Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Funguo nilikuwa nazo mimi sokoni," alisema Kawira.

"Kwa hiyo kila mlio uliomo kwenye rekodi ile ni wa Karwirwa au wa mtoto."

"Bila shaka," Munene alisema, na akaongeza bila kuulizwa, "ndiyo maana tuliwaletea nzima. Hatuna cha kuficha."

Kiende akawarudisha wote wawili mezani. Akaweka simu kati ya maiki mbili, akabonyeza. Kimya kirefu. Pa! Akaizima kabla Karwirwa hajaanza.

Kwanza hawakuelewa. Hilo ndilo lililomshangaza Kiende kuliko yote. Walimtazama wakisubiri sauti ianze, kama watu wanaosubiri tangazo liishe. Aliyeelewa alikuwa Gichovi. Alifunika upara wake kwa mikono yote miwili.

"Irudie," Kiende alimwambia Ndambiri, na pa! ikalia tena.

Kawira ndiye aliyekuwa wa pili. Rangi ya mdomo ilibaki, ya uso ikaondoka.

"Ni… labda ni mlango," alisema.

"Nilidhani hivyo pia asubuhi. Sasa nimekusikia wewe. Fundi, hiyo huwa ya nini?"

"Ya kupatanisha picha na sauti, madam," Gichovi alijibu bila kuinua kichwa. "Kamera ziko mbili, maiki ziko mbili. Nikisikia viganja, najua pa kuziunganisha. Kile kimya cha kwanza nakitumia kusafisha mvumo wa chumba. Ni kawaida yetu kila siku. Halafu nakata. Hakuna mtu nje anayesikia hizo."

"Hata hawa wawili?"

"Hawa hawasikilizagi kabla sijakata."

Munene alijikohoza. Alikuwa bado na akili, ni lazima asifiwe kwa hilo. "Inspekta, msichana amekaa na sisi, ametuona tukirekodi. Atakuwa alituiga. Alipiga viganja akimchezea mtoto. Ni jambo dogo sana."

"Alipiga viganja?"

"Ndiyo."

"Viwili?"

"Sasa utapigaje kimoja?" Munene akatabasamu, akamtazama Ndambiri amsaidie kucheka.

Ndambiri hakucheka. "Karwirwa alirudi kwenu na mkono wa kulia kwenye plasta," alisema polepole. "Kiganja chote kimefunikwa. Ninyi ndio mliomwita arudi hivyo hivyo. Mpaka leo anayo."

Tabasamu la Munene lilibaki mahali pake kwa muda, halina kazi.

"Basi aligonga meza," akasema.

"Haya, gonga," Kiende alimwambia. "Fundi, rekodi."

Munene akagonga meza. Kiende akamwambia agonge tena kwa nguvu, kisha agonge ukuta, kisha mlango. Gichovi akaweka michoro ya milio hiyo kwenye skrini, na juu yake akaweka ule wa kwenye simu. Hata mtu asiyejua kitu angeona. Ya meza ilikuwa minene yenye mkia mrefu. Ule wa simu ulikuwa mwembamba, mkali, umeisha palepale, sawa na ule wa viganja ambavyo Kawira alikuwa ametoka kuvipiga mbele ya macho yao.

"Wewe ulijua lini?" Kiende alimuuliza fundi.

"Siku waliyoniletea ili nirushe. Niliona kimya, nikaona viganja, nikakata kama ninavyokata siku zote. Nikajiambia si kazi yangu." Gichovi aligusa shavu lake. "Sikuwa na jino, madam."

"Ulikuwa na mdomo. Ulikuwa na mdomo, na msichana wa watu anakaa seli!" Kiende aligeuka kabla hajamwambia mabaya zaidi. "Mama Njeru, una haki ya kunyamaza na una haki ya wakili, na ukisema, maneno yako nitayatumia kortini. Umenielewa? Sasa nina swali moja. Kama Karwirwa alikuwa anaigiza, Njeru alikuwa akilia nini?"

Kawira akatazama kucha zake. Alizikunja taratibu ndani ya viganja, zote kumi, akazificha.

"Kawira, nyamaza," Munene alisema.

"Hakutaka kulia," Kawira akasema. "Karwirwa alikuwa anafoka na yeye anamchekea. Kila akifoka, anacheka. Amemzoea. Nilimfinya kidogo tu. Kidogo, inspekta, mimi ni mama yake! Watu wa televisheni walisema watatuondoa msimu wa pili. Walisema nyumba yetu haina mgogoro, watu wanahama. Ningefanya nini?"

Mtoto alikuwa akisikika huko jikoni, mtu fulani anamwimbia. Ndambiri alikuwa ameangalia ukutani.

Munene akavuta kiti karibu. Ile asali ikarudi kwenye sauti yake. "Inspekta, sisi sote ni watu wazima hapa. Msichana mwachilieni leo, mimi mwenyewe nitalipa nauli yake. Kesho tunarusha kipindi. Tunasema kulikuwa na kutoelewana kidogo na mfanyakazi wa zamani, limeisha, tumesameheana. Watu watalia. Kila mtu anarudi nyumbani."

"Mfanyakazi wa zamani," Kiende akarudia.

"Tusimtaje tena. Kwa faida yake."

Hapo ndipo alipolipuka. Watu wa jikoni walisema baadaye kwamba walimsikia kupitia ile sponji yote.

"Kwa faida yake! Mlipokuwa mnamchafua mlikuwa na jina lake, jina la baba yake, rangi ya lango na josho la ng'ombe! Mkayarudia ili watu wasikosee njia! Mzee ana waru zinalala kando ya barabara kwa sababu mlimwelekeza kila mwenye jiwe mpaka mlangoni kwake. Na leo mnapotaka kumsafisha, amekuwa mfanyakazi wa zamani? Hana jina? Hana kwao? Mna haya kweli, ninyi?"

Kiende akavuta pumzi, akaketi, akasogeza simu yake katikati ya meza. Aliongea sasa kwa sauti ya kawaida ya ofisi.

"Ndambiri, piga simu kituoni. Mwambie mkubwa faili ya kesho isiende kortini na jina la Karwirwa. Mwambie kuna majina mengine mawili. Na Karwirwa aletewe chakula cha moto, tunakuja." Akamgeukia Kawira. "Mimi nitaandika maelezo ya kila mmoja wenu, kwa kalamu na kwa sauti. Unaweza kumsubiri wakili. Unataka kumsubiri?"

Kawira alimtazama mumewe kwa muda mrefu, halafu akatikisa kichwa. Machozi yake ya sasa hayakuwa na sauti, wala hakuyapangusa. "Nitasema," alisema. "Nianzie wapi?"

Kiende akabonyeza simu ianze kurekodi. Akasubiri chumba kitulie, Gichovi aache kuvuta kamasi, hata mtoto wa jikoni anyamaze. Kisha akanyoosha mikono yake mbele ya uso wa Kawira, akagonganisha viganja mara moja.

Pa!

"Anza na jina lake," akasema. "Lote, na la baba yake, na lango."